Kitanda cha Katikati, Firenze

Jumatatu, 30 Septemba

Mashati tangu asubuhi. Mwenye duka kasema wateja wa mtaa mzima wameleta nguo kwa pamoja, kana kwamba wameitana. Mgongo unauma. Nimerudi nyumbani nanuka mvuke wa pasi, nikaoga, nikajipaka mafuta yangu ya asumini. Siwezi kulala nanuka duka.

Jana Neema hakuja tena. Kila Jumapili akitoka kanisani hupanda tramu hadi kwangu Saint-Gilles, anapanda ngazi huku anawalaani waliojenga nyumba hizi ndefu nyembamba, anakula pilau, analala kwenye kochi mpaka jioni. Miaka yote ya Brussels imekuwa hivyo. Jana kaleta ujumbe: "Shoga, nimechoka leo, usinisubiri." Pilau nilishapika. Nimekula peke yangu jana, nimekula leo, na kesho nitakula.

Amechoka na nini? Hasemi.

Jumatano, 2 Oktoba

Nina hasira. Kalamu inatoboa karatasi.

Neema kapiga simu. Clarisse anakuja Firenze. Hakuniuliza, kaniarifu.

Safari hii ni yetu, mimi na Neema. Tulipokuwa tunaosha vyombo kwenye hoteli karibu na kituo cha Midi, tulibandika juu ya sinki picha ya lile kuba jekundu la Firenze, tumeikata kwenye kalenda iliyokwisha. Tukasema iko siku. Wanawake wawili wa Tanga tutakwenda kule, tutakaa mezani, tutahudumiwa, na sahani zetu ataosha mtu mwingine. Tumekuwa tukiisema safari hii mpaka ikawa kama ndugu wa tatu. Sasa siku imefika, na wa tatu amekuja kweli.

Clarisse ni jirani ya Neema na mumewe kule Laeken, anakaa ghorofa ya chini yao. Mkongo, wa Lubumbashi. Kahamia mwaka huu tu. Aliwahi kuishi Firenze akimtunza bibi kizee wa Kitaliano, kwa hiyo anajua lugha, anajua mitaa. Neema anasema atatuongoza. Nani aliomba kuongozwa? Nilikwisha kununua ramani.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimewaona. Soko la Flagey, mvua ya manyunyu, mimi nimekwenda kutafuta samaki. Neema na Clarisse wamesimama kwenye meza ya zeituni, wanakula kutoka mfuko mmoja. Neema anatafuna vipande vya limau la chumvi kama peremende. Mbele yangu hajawahi kula limau.

Nikaita. Akapunga mkono. Akapunga mkono! Mimi, ambaye tukionana hunikumbatia mpaka watu wanapisha njia. Nilipokaribia akaingiza pua kwenye skafu akasema ana mafua, asije akaniambukiza. Kisha akazunguka meza ya jibini, akasimama upande wa pili. Jibini zile zinanuka soksi za mwanajeshi. Pale skafu akaishusha, akapumua raha mustarehe.

Clarisse alinisalimu vizuri. "Bonjour maman Zena, uko muzuri?" Nikamjibu mzuri. Sina ubaya naye, nilijisemea. Uongo. Ninao.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kesho safari. Nimefukiza nguo zote.

Mwanamke wa Tanga hasafiri na nguo zinazonuka sabuni tupu. Nimewasha mkaa, nimetia udi kwenye chetezo, nimetandaza magauni juu ya kiti. King'ora cha moshi kikalia. Nikakivika kofia ya kuogea. Jirani wa juu kagonga sakafu, nikagonga dari kwa ufagio, tukaelewana.

Asumini nimeiweka kwenye mkoba wa mkononi. Chupa hii Neema ndiye aliyeniletea, alipokwenda Tanga kumzika mama yake. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ukijipaka hii, Zena, nikiwa karibu yako nasikia niko nyumbani." Mama yake alikuwa akivaa vikuba, vishada vya maua ya asumini, kichwani. Basi siku hizi tatu nitajipaka asubuhi, mchana na jioni. Akumbuke nyumbani ni wapi. Clarisse ananukia maji.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna asomaye humu: naogopa. Mume tuliachana, ndugu zangu wako Tanga. Brussels hii nikiugua, mtu wa kupiga simu ni Neema. Nikimkosa yeye sina mtu. Marafiki wa kusalimiana kwenye harusi hao si watu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Firenze. Tumefika. Kuba nimeliona kwa mbali, ncha tu, juu ya mapaa. Moyo ulipiga.

Lakini nianze asubuhi. Tumekutana Midi kupanda basi la uwanja wa ndege wa Charleroi. Nikakaa, nikaweka mkoba kiti cha pembeni kumshikia Neema nafasi. Akaingia, akanusa, akapita. Kaenda kukaa nyuma kabisa karibu na choo. Karibu na choo! Clarisse akaja akakaa kwangu, akanipa biskuti.

Kwenye ndege tulipangiwa viti vitatu pamoja. Neema akamwomba kijana mmoja wa Kibelgiji wabadilishane. Nimeruka Ulaya nzima nikiwa kati ya Clarisse na mtoto wa watu aliyelala mdomo wazi. Kutoka Pisa tulipanda treni. Neema alisimama mlangoni safari nzima. Anasema anapenda kuona mashamba.

Chumba kina vitanda vitatu kwa mstari. Neema kakimbilia cha dirishani, akafungua dirisha, baridi ikaingia na kelele za pikipiki. Mimi nimepewa cha ukutani. Katikati kalala Clarisse. Nimemwambia Clarisse tubadilishane, akamtazama Neema, Neema akatazama dirisha. "Acha tu, maman Zena, minazoea hapa," akasema.

Walitazamana. Niliona. Wana jambo lao.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nzima kwa miguu. Niandike yote, mazuri na machungu.

Kuba. Picha ya juu ya sinki haikusema kweli. Unatoka uchochoroni, unainua macho, na jengo limekwishakufunika. Kuta za marumaru nyeupe, kijani na waridi, kama kanga iliyopigwa pasi vizuri, na juu yake lile kuba jekundu, zito, limetulia. Nikasema moyoni, tumefika, Neema. Nikanyoosha mkono nimshike. Alikuwa ameshashika mkono wa Clarisse. Analia. Analia kwa ajili ya kuba letu, ameegemea bega la mtu ambaye hajawahi kuliona sinki lile.

Picha tulizopigwa: katika zote Clarisse yuko katikati. Nikienda kushoto, Neema yuko kulia. Nikienda kulia, Neema kahamia kushoto. Mpiga picha, mtalii mmoja mwenye kofia, alichoka akatuambia tusimame.

Baada ya hapo nikasema sasa naongoza mimi. Nikatoa ramani yangu. Nilitaka tuone daraja la wauza dhahabu. Tukatembea, tukatembea, tukatokea kwenye maegesho ya mabasi nyuma ya kituo cha treni. Hakuna dhahabu, kuna madereva wanavuta sigara. Clarisse hakucheka. Kasema, "Haina shida, tunatembeya tu, siku iko muzuri." Afadhali angecheka. Akatugeuza, na kitambo kidogo tukawa darajani. Vijumba vimening'inia juu ya maji, madirisha yamejaa pete. Pazuri. Nilipachukia.

Mchana. Hapa ndipo pa kuuma. Clarisse katupeleka kwenye kibanda cha sokoni wanakouza chakula cha watu wa mji huu: mkate umepasuliwa, umejazwa utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, juu wamemwagia mchuzi wa majani. Mvuke unatoka kwenye sufuria, na harufu ile ya utumbo unaijua. Mimi nyama ya pale sili, haikuchinjwa kwetu, nikaagiza mkate na nyanya. Neema kala. Kamaliza. Kaagiza wa pili. Kalamba vidole.

Neema huyu huyu. Tangu tujuane nampikia ndizi na utumbo, utumbo nilioutafuta, nikausugua kwa chumvi na ndimu mpaka mweupe, naye huusogeza pembeni ya sahani akisema, "Shoga, nisamehe, harufu yake siiwezi." Wangu hauwezi. Wa Clarisse anaagiza wa pili.

Jioni nimejipaka asumini mara mbili na kubadili gauni. Tulipotoka kula aiskrimu alitangulia mbele na Clarisse, mimi nyuma, kama msichana wa kazi anayewabebea mizigo.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeharibu. Au wao ndio wameharibu. Sijui.

Asubuhi tulivuka mto tukapanda kilima, ng'ambo ya pili. Mji wote uko chini, mapaa ya vigae, kuba katikati. Neema alikaa ukutani, uso umepauka, anakunywa maji kidogo kidogo. Clarisse kamfunika na koti lake. Nilipotaka kumpa shali yangu, iliyofukizwa, akanyoosha kiganja kama polisi wa barabarani. "Hapana, Zena. Tafadhali." Tafadhali! Tangu lini?

Chakula cha mchana ndicho tulichokisubiri miaka. Mimi ndiye niliyechagua mahali. Vitambaa vyeupe mezani, mhudumu mzee mwenye tai, bilauri zinang'aa. Kwa ajili ya siku hii asubuhi nilimalizia asumini ya chupani, nikaipaka shingoni, viganjani na kwenye ushungi. Tukakaribishwa ndani, Neema akaomba tukae nje. Nje kuna upepo, vitambaa vinapeperuka. Akachagua ncha ya meza. Tambi zikaja, pana, na uyoga, zinatoa moshi. Nikainama kumsogezea jibini. Akasukuma kiti nyuma, akaziba pua na mdomo kwa kitambaa cha mezani, akageuza uso.

Kama vile mimi ni jaa.

Nikasema. Sikupaza sauti, lakini kila neno nililinoa. "Kama umepata ndugu mpya, Neema, niambie. Usinizibie pua. Mimi si takataka za mtu. Usiache mbachao kwa msala upitao." Clarisse kaanza, "Maman Zena, ngoja, donc..." Nikamwambia wewe nyamaza, hii ni ya watu wa nyumba moja. Neema machozi yakamtoka. Alitaka kusema, mdomo ukafunguka, akaufunga kwa mkono, akakimbia kuelekea chooni. Clarisse nyuma yake.

Nikabaki na sahani tatu. Nikala yangu yote. Sikusikia ladha. Mhudumu mzee aliniletea kahawa ambayo sikuiagiza, akaiweka taratibu, akaondoka bila kunitazama.

Kurudi tumekaa mbalimbali. Midi tumeachana bila kuagana. Sahani zetu zimeoshwa na mtu mwingine, kama tulivyotaka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepiga pasi. Basi.

Jumatano, 16 Oktoba

Hajapiga. Sijapiga.

Nimebandua ile picha ya kuba ya juu ya sinki, ambayo siku hizi iko kwenye mlango wa friji yangu. Baadaye nikairudisha, kwa sababu pale mahali pake palikuwa panang'aa zaidi ya kwingine na panaudhi.

Najiuliza Clarisse ana nini. Mrembo si sana. Mkimya. Hodari wa kubeba mifuko. Anapokea watu kama kiti. Mimi nina maneno, nina kelele, nadai. Huenda Neema kachoka kudaiwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Clarisse kaja. Huku kwangu, ngazi zote, anahema. Nilifungua mlango nusu. Hakutaka kuingia, kasema atasimama. Naandika alivyosema kabla sijaanza kuyageuza.

"Maman Zena, sikia. Bon. Neema eko na mimba. Alikuwa anaogopa kukuambia, alors mi nilimuambia: minaenda. Ile mafuta yako ya maua, na ile moshi yako ya nguo, njo inamutapisha. Yote ingine hapana. Ni weye tu."

Ni mimi tu.

Nikamuuliza tangu lini anajua. Kasema tangu Septemba, alimkuta Neema kwenye ngazi za nyumba yao anatapika, hakuambiwa, aliona mwenyewe. Akasema tena, "Haiko kusema anakuchukia, non. Kwetu Lubumbashi, muntu mimba inamukataa, njo mutoto anatoka na sura yake." Akaniwekea mkono begani, akashuka.

Nilifunga mlango nikasimama.

Hasira ya kwanza: Clarisse kajua kabla yangu. Nimeiandika ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuja kwanza. Furaha ilikuja ya pili. Aibu ya tatu, nayo haijaondoka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimenusa kila kitu nyumbani. Mapazia udi. Kochi udi. Godoro asumini. Hata mkate. Mtu ukikaa ndani ya harufu yako huisikii.

Nimezirudia siku zote, moja moja. Jibini la Flagey. Kiti cha karibu na choo. Dirisha. Shali. Kila alipokimbia, mimi nilijipaka zaidi ili arudi. Nilikuwa namfukuza kwa mkono mmoja na kumwita kwa mwingine. Na tambi zile, Mungu wangu, nilipoinama na ushungi umelowa asumini.

Na harufu yenyewe ni ya mama yake. Hilo linaniliza kuliko yote. Kitu alichokipenda kimemgeukia, na hakujua anielezeje.

Hata hivyo angesema! Angesema tu, "Zena, unanuka." Tumeambiana makubwa zaidi ya hayo.

Leo nimefua mpaka mapazia.

Jumapili, 20 Oktoba

Kaja.

Simu iliita saa za kutoka kanisani. "Chungulia dirishani." Nikachungulia. Yuko chini barabarani, upande wa pili, koti la bluu, kashika nguzo ya taa. Nikataka kushuka. Akapiga kelele, "Usishuke! Kaa hukohuko! Upepo unatoka kwako!"

Basi tukaongea hivyo, yeye chini, mimi ghorofa ya tatu, kwa Kiswahili, mtaa wote unasikia na hakuna anayeelewa isipokuwa Mungu. Mreno wa nyumba ya mbele alitoa kiti kibarazani kwake akakaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimepoteza mara mbili, Zena! Nani alikuwa na mimi hospitali? Si wewe? Nikaapa safari hii sisemi mpaka miezi mitatu ipite. Na kwako nilikuwa nakuja kusema, nikifika hapo kwenye mlango wa chini nasikia asumini, narudi tramuni natapika!"

"Ungesema nanuka!"

"Ningekuambiaje? Mafuta nilikuletea mwenyewe! Nilisema nikiyasikia niko nyumbani! Sasa nikuambie nyumbani kunanitapisha?"

Nikauliza la kijinga. "Na utumbo wa Firenze?"

"Utumbo nautaka kila siku! Nikilala nauota! Wewe ndiye usiyelika!"

Nikacheka mpaka nikashika fremu ya dirisha. Naye akacheka, akalia, akashika tumbo ambalo bado halionekani. Nilimwomba radhi kwa maneno ya mezani. Kasema tambi zile hata hivyo zilikuwa na chumvi nyingi. Zilikuwa nayo, sasa nakumbuka.

Kisha nikauliza lile lililokuwa limenikaa kooni tangu Alhamisi. Mama yake hayupo. Akijifungua, arobaini yake nani atakuwa naye, nani atamkanda kwa maji ya moto, nani atampikia uji wa pilipili manga. Nikauliza kwa sauti ndogo, ikabidi nirudie kwa kubwa. "Nani atakukanda?"

Akanitazama kama nimeuliza jina lake. "Wewe, mwehu wewe! Clarisse anajua nini kukanda?"

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho kama alivyoisema. Nitaisoma tena nikihitaji.

Jumamosi, 26 Oktoba

Amri mpya za nyumba hii. Sabuni isiyo na harufu, ya watoto wachanga. Udi marufuku. Chetezo na chupa tupu ya asumini nimezifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nimeziteremsha chini kwenye stoo ya makaa ya zamani, na nimefunga mlango kwa kufuli. King'ora nimekivua kofia yake.

Najinusa. Sinuki chochote. Nanukia maji, kama Clarisse.

Leo nimepika ndizi na utumbo, nikapeleka Laeken. Kupeleka si neno lake. Nimefika hadi mlango wa mbele, Clarisse kashuka kupokea sufuria, kapanda nayo. Chakula changu, kwa mkono wake, mpaka mdomoni mwa shoga yangu. Nilimeza. Clarisse alirudi na sufuria imekombwa, kasema Neema amelia na kijiko mkononi. Nikamuuliza amekula wote? "Yote, maman. Hata mi hakuniachia."

Kwenye tramu nilitabasamu peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti.

Jumapili, 10 Novemba

Kapanda hadi ghorofa ya kwanza. Akakaa kwenye ngazi, mlango wa barabarani umefunguliwa hewa iingie, mimi nimekaa juu yake kwenye ghorofa ya pili. Tumeongea kupitia nguzo za ngazi. Jirani wa juu alipita na mbwa, akaruka miguu yetu. Hakuuliza. Brussels watu hawaulizi.

Anasema ni heri kuliko wiki iliyopita. Bado lakini. Nilipoegemea mbele kumwonyesha picha ya nepi nilizonunua, alirudi ngazi mbili chini, akasema, "Samahani, mwenzangu."

Mimba inampenda Clarisse. Inampenda muuza jibini. Inampenda hata shemeji, mumewe, anayerudi nyumbani ananuka breki za basi analoliendesha. Mimi peke yangu imenikataa. Inauma, nisijidanganye. Kuna mtu hajazaliwa na tayari hanitaki.

Ila Tanga nako husema vilevile walivyosema Lubumbashi: anayekataliwa na mimba ndiye mtoto atakayefanana naye. Nimekwenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Pua yangu pana. Paji kubwa. Masikio mazuri. Mtoto atakuwa na masikio mazuri.

Clarisse anapendwa. Basi apendwe. Sura ni yangu.

Jumapili, 15 Desemba

Theluji kidogo asubuhi, imeyeyuka. Nilipika pilau bila kutegemea, kwa mazoea, viungo kidogo.

Kengele ililia baada ya saa za kanisa. Nikabonyeza mlango, nikasimama juu ya ngazi nisubiri atakapoishia. Alipanda akiwalaani waliojenga nyumba hizi. Ghorofa ya kwanza hakusimama. Ya pili akapumzika, ameshika kiuno, tumbo sasa linaonekana chini ya koti. Nikarudi nyuma, nikaingia ndani, nikasimama dirishani, mbali. Akafika mlangoni. Akanusa. Akanusa tena. Akaingia, akavua viatu.

Hatukusema kitu kikubwa. Kala sahani moja na nusu. Kasema pilau inataka chumvi. Kauliza picha ya kuba mbona imepinda, akainyoosha.

Sasa amelala kwenye kochi, mkono mmoja juu ya tumbo, mdomo wazi kidogo. Radieta ya kupasha chumba joto inagonga gonga. Nimekaa kwenye kiti cha dirishani, bado sisogei karibu, sitaki kujaribu bahati. Kabla hajalala alisema nimfunike miguu. Nikaenda, nikamfunika, nikabana pumzi kana kwamba hata pumzi yangu inanuka. Akasema, "Kaa kidogo." Nikakaa ukingoni. Akalala.

Simu yake mezani imewaka. Clarisse. Imewaka tena.

Nimeigeuza uso chini. Mtoto apumzike.